Bawa la Kushoto la Tero

Colonia Santa Eulalia, 4 Machi 1970

Kaka Delmo,

Shikamoo. Natumaini upepo wa huko Comodoro bado haujakubeba. Sisi wazima. Mke wangu Irma anakusalimu, na goti langu nalo linakusalimu, maana mvua inakaribia. Miaka kumi na tisa bila barua ni kimya kirefu, na nusu yake ni yangu.

Nakuandikia habari za Tero, ile ndege yetu. Vijana wa klabu ya ndege wanataka kuirusha tena siku ya sikukuu yao. Wameitoa bandani na kuwafukuza kuku waliokuwa wakitagia humo. Mwili mzima, viti vyote viwili vipo, bawa la kulia zima. La kushoto unajua lilikoishia: kwenye mahindi ya mzee Giraudo, wewe usukani, mimi kiti cha pili.

Michoro hakuna. Hawaamini nikiwaambia ndege yetu tuliichora kwa chaki kwenye sakafu ya ukumbi wa Chama cha Waitaliano, na kila Jumamosi watu wakacheza polka juu yake mpaka ikafutika. Basi wa kulitengeneza tena bawa la kushoto ni yule aliyelitengeneza mwanzo, yaani wewe. La kulia ni langu. Njoo, kaka. Sikuiti nikulaumu. Wanataka pia kuandika historia ya Tero, na sitaki kuisimulia peke yangu.

Mdogo wako,
Evelio

Comodoro Rivadavia, 22 Machi

Mdogo wangu Evelio,

Marahaba. Mimi mzima, bado nahangaika na pampu za mafuta. Barua yako ilinifurahisha mpaka nilipofika kwenye mabawa. Hapo nikaweka kibuyu cha chai ya yerba chini.

Bawa la kulia nililitengeneza mimi, kwenye ghala la baba mkwe. La kushoto ni lako, na ndilo lililokatika. Hukumbuki kwa nini niliondoka? Koloni nzima, mama akiwemo, ilinitazama kama mtu aliyekuvunja goti kwa mikono yake. Wewe ulijua bawa ni kazi yako, ukanyamaza. Iliniuma, na inaniuma hata leo.

Tero wa porini, yule tuliyechukua jina lake, hupiga kelele huku ili usione mayai yake yako kule. Ndivyo ulivyo wewe. Au unasema kulia kwa anayeitazama ndege usoni? Mimi nasema kulia kwa rubani.

Kaka yako,
Delmo

Colonia Santa Eulalia, 9 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila usingizi umenihama tangu barua yako.

Mimi pia nasema kulia kwa rubani. Nilinyamaza kwa kukuhurumia, nikidhani unajua ni bawa lako. Kisha ukaondoka bila kuaga, na mimi bado nimelazwa. Wewe peke yako ndiye uliyeumia?

Juzi nimelipapasa lote bawa lililobaki. Mara naona ni mkono wangu, mara naona ni wako. Si ajabu, sote tulifundishwa useremala na baba wa ubatizo Bautista. Irma anasema, "Ukoo wa Barale, ndugu wawili, akili moja, na hiyo nayo ya kuazima." Nimechanganyikiwa, kaka. Hakuna ndege yenye mabawa mawili ya kulia.

Hebu kumbuka. Ukumbi ulikuwa mdogo, tukachora bawa moja tu, la kulia. Tukakubaliana kila mtu anakili, na mmoja wetu augeuze mchoro uwe wa kushoto. Aliyegeuza ni wewe.

Mdogo wako,
Evelio

Comodoro Rivadavia, 25 Aprili

Evelio,

Marahaba, na salamu kwa Irma mwenye ulimi.

Mimi sikugeuza. Ulisema utageuza wewe. Nimechora juu ya meza, nikafuta, nikachora tena, mpaka mke wangu anauliza kama ndio nimeanza kuzeeka.

Kama sikugeuza na wewe hukugeuza, basi tulitengeneza mabawa mawili ya kulia. Sasa ile ndege ilipaaje? Niliirusha mimi mwenyewe. Ilipaa, na ilipaa vizuri. Sielewi kitu. Muulize mtu.

Kaka yako,
Delmo

Colonia Santa Eulalia, 30 Mei

Kaka Delmo,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu aliyekuwa na jibu hakutaka kulitoa kabla ya baridi.

Nilikwenda kwa mama Pierina, mjane wa Bautista. Akasema nirudi siku ya bagna cauda, ule mchuzi wa moto wa vitunguu saumu, maneno mazito hayasemwi bila chungu katikati ya meza. Nikarudi. Nimechovya mkate mara mbili tatu hivi, akaniambia, "Hee, Evelio! Mpaka leo hamjui?"

Bautista ndiye aliyekusanya mabawa kwa mkokoteni, sisi tukiwa kwenye mavuno. Alipoyalaza uani, yote mawili ya kulia. "Alicheka mpaka akakaa chini," mama Pierina anasema. "Kisha akasema, hawa watoto wamejisifu koloni nzima, watachekwa mpaka kaburini." Akalivunja moja, akaliunda upya liwe la kushoto. Alikimbizana na kurudi kwetu, gundi haikupata muda wa kukauka. Hakumwambia mtu. Lilipokatika, akaacha useremala.

Basi wewe hukudanganya, na mimi sikudanganya. Tumenuniana miaka yote hii kwa bawa la mtu aliyetupenda. Nililia pale pale, mkate mkononi, wala sikuona haya.

Vijana wa klabu wanalalamika kwamba historia hii haieleweki. Nimewaambia waiandike hivyo hivyo.

Jambo moja limebaki. Mama Pierina anakumbuka bawa alilolivunja Bautista lilitoka ghala la nani, na lililosalia zima ni la nani. Ameniambia. Sasa najua, wewe hujui, na sikuandikii ng'o. Ukitaka jibu, lifuate huku.

Mdogo wako,
Evelio

Comodoro Rivadavia, 14 Juni

Evelio, ndugu yangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Mke wangu ameisoma pia, amecheka vibaya sana.

Nilidhani umenichukia. Hilo ndilo lililoniweka huku, si pampu wala mshahara. Mama alikufa sikuja kumzika, kwa sababu hiyo hiyo. Sijui niliweke wapi jambo hili sasa.

Nimekata tiketi ya basi, nafika Ijumaa ijayo. Waambie vijana wasianze bila mimi. Bawa tutalitengeneza ghala moja, meza moja, na kugeuza mchoro tutageuza wote wawili tukitazamana.

Na hilo unalolijua, nikifika usiniambie.

Kaka yako,
Delmo