Sauti Iliyoishia Mlangoni

Dada yangu mpenzi,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. U hali gani? Shemeji je, na huyo binti yenu, ananyonya vizuri, anawaacha mlale? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua lakini kukaa chini hataki, na mimi nipo na kazi yangu ileile ya kufunga simu za intaneti kwenye maofisi ya watu. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Ningeweza kumtuma shemeji, ila maneno yakipitia kinywa cha tatu huongezwa chumvi. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, na usinune kabla hujafika huko.

Shemeji alinipigia akanieleza kwa nini umeapa kutompigia mama tena. Alisema ulipiga namba ya nyumbani, ile ya intaneti ambayo ni wewe tu unayeitumia, ukamwambia mama kwamba umejifungua salama na unaomba yaliyopita yaishe. Naye akakujibu kuwa kama huna la kusema, uweke simu tu. Nakumbuka alivyokuambia ulipoondoka na shemeji, kwamba hataki kuisikia sauti yako tena, lakini nilidhani hasira zile zilishapoa. Nikatoka kazini moja kwa moja hadi nyumbani, nimejifunga kibwebwe, nimpe vidonge vyake ingawa ni mama yangu mzazi.

Nilimkuta anakunja nguo. Nilipokutaja tu, akaanza kulia yeye. Akasema wewe ndiye unayemtesa: unapiga, yeye anapokea, anaita haloo mpaka koo linamkauka, na wewe kimya. Alisema ujumbe wako ameuelewa, kwamba alikataa kuisikia sauti yako na wewe umeamua asiisikie kweli. Kwa aibu hakumwambia mtu. Siku ile ya mwisho alichoka, ndipo akasema kama huna la kusema uweke simu, kisha akaingia chumbani akajifungia.

Hasira zote zikaniisha palepale. Mwenzangu, kengele inalia, mmoja anasikia na mwingine hasikii: huo ndio ugonjwa ninaoutibu kila siku. Nikaenda kwenye kabati la televisheni. Ruta ya kampuni, kile kifaa kinacholeta intaneti ndani, ipo, na ubavuni mwake ipo ruta nyingine nisiyoijua, na kile kisanduku kinachoiunganisha simu ya nyumbani na intaneti kimechomekwa kwenye hiyo ya pili. Nikamwita mjomba. Unamjua Injinia wetu, uinjinia wenyewe ameusomea barazani. Akanieleza kwa fahari kwamba alipohamia chumba cha uani mpira anaoutazama kwenye simu yake ulikuwa unakatikakatika, basi akanunua ruta yake akaiongeza, na waya wa simu akauhamishia huko ili mama naye afaidi.

Nikueleze kama ninavyowaeleza wateja. Simu ikipokelewa, kile kisanduku humwambia mpigaji anwani ya kuletea sauti. Anwani kinayoijua ni ya ndani ya nyumba tu, sawa na kumwambia mgeni aje chumba cha uani bila kumtajia mtaa. Sauti ya mama ilikuwa inatoka vizuri, na haloo zake labda ulizidhani za kujifanya hakusikii. Yako ilikuwa inafika nje, haijui iingilie wapi, inapotea. Na mjomba, kwa ile ruta yake, alikuwa ameongeza mlango wa pili.

Nikaiondoa ruta yake, akanung'unika kuhusu mpira wake, nikamwambia angoje. Nikakifundisha kisanduku kuuliza kwanza nyumba yetu inaonekana kwa anwani gani kutoka nje, na kiwe kinabisha hodi nje kila mara ili mlango usijifunge. Nikapiga kwa simu yangu kujaribu. Kimya. Na mama alikuwa amesimama nyuma yangu amenishika bega. Kumbe ndani ya ruta ya kampuni kuna kipengele kinachojidai kusaidia simu, kazi yake kuyavuruga maneno ya kisanduku. Kina kiherehere kama mjomba mwenyewe. Nikakizima, nikawasha kila kitu upya, nikatoka barabarani nikapiga.

Mama alipokea. Nikamsalimu. Hakuitikia, nikadhani tumeshindwa tena, kumbe alikuwa amekaa chini. Halafu akaniambia nisipige kelele, ananisikia. Dada, nilicheka peke yangu barabarani mpaka mwenye duka akanitazama. Mzigo niliokuwa nao kifuani tangu shemeji anipigie ulishuka wote.

Nilipoingia ndani nilimweleza kwamba wewe hukuwahi kumnyamazia, ulikuwa unasema na yeye hasikii. Alilia, akacheka, akamwita mjomba majina ambayo sitayaandika. Kisha akatulia, akaniuliza siku ile ya mwisho ulikuwa unamwambia nini. Nilimjibu kwamba sijui. Nimemdanganya mama, Mungu anisamehe, na shemeji nimemwomba naye afunge mdomo. Mama hajui kama umejifungua. Hajui kama ana mjukuu. Nusura niropoke, lakini nikaona si habari yangu kuitoa.

Pokea salamu za mjomba, ambaye sasa haruhusiwi kulisogelea kabati. Msalimie shemeji na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mama hajatuma salamu. Anasema zake atakupa mwenyewe ukipiga. Piga, dada. Mwambie kama mtu ambaye hajawahi kumwambia, kwa maana kwake hujawahi.

Wako akupendaye,
mdogo wako, fundi