Udongo wa Kuzika Mgomba

Budapest, huku theluji haijayeyuka

Mama yangu,

Shikamoo. Naomi anapokusomea, mwambie asome taratibu, maana haraka ya mdogo wangu naijua. Mimi mzima, nateswa na baridi tu. Mguu wako unaendeleaje? Na mahindi ya shamba la ujamaa, nguruwe wa msituni wamewaachia chochote?

Barua ya baba mkubwa nimeipata. Anasema tangu kaka Yona aingie msitu wa Shagayu kupasua mbao, ukungu ukamfunika, wamemtafuta mpaka wamechoka. Sasa ukoo unataka kuzika mgomba badala ya mwili, apumzike, na sisi tupumzike. Wewe peke yako umekataa. Ananiomba mimi msomi nikushawishi, nami nilishaandika kwamba nakubali wazike.

Sasa sikia yaliyonikuta darasani. Tunasoma habari za ngozi. Mwalimu alinifunga visahani vya chuma vidoleni, nyaya zikaenda kwenye mashine yenye kalamu inayochora mstari. Umeme kidogo hupita kwenye ngozi, hauumi. Mtu akishtuka, mishipa ya fahamu huamuru viganja vitoe jasho, hata lile lisiloonekana, umeme ukapita kwa urahisi na kalamu ikaruka. Huwezi kuizuia. Wavulana waliojifanya majasiri tuliwacheka sana.

Mwenzangu akanisomea maneno niliyomwandikia: maji, kiti, Mtae kijiji chetu, Mama, Yona. Akayarudia na kuyarudia. Mwalimu alishatuambia kwamba neno likirudiwa na lisitokee jambo, ngozi hulizoea, kalamu ikatulia. Kweli, hata kwako ilitulia, Mama, unisamehe. Kwa Yona haikutulia. Kisha mwenzangu akanyamaza kabisa, na kalamu ikaruka.

"Umesikia nini?" mwalimu akaniuliza.

Nikasema, "Hakuna."

Nilikuwa nimemsikia Yona akiita kutoka ng'ambo ya bonde, vile alivyokuwa akiita anaporudi, ili ubandike maji ya ugali. Naogopa, Mama. Tangu hapo kukiwa kimya tu namsikia, na mikono naificha mifukoni.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukifuta viganja kwenye khanga kila ukungu unapopanda jioni Yona hajarudi, na baba mkubwa akisema unajitia wazimu. Si wazimu. Nilimwuliza mwalimu kama ngozi yaweza kujua kwamba mtu yu hai. Akasema hapana, inaonyesha tu kwamba wewe bado unamngoja. Kwa hiyo sikudanganyi kwamba Yona yu hai, sijui. Lakini ile barua ya kukubali sikuipeleka posta. Nimeichana.

Nisalimie baba mkubwa, mwambie sijamdharau. Msalimie shangazi anayekuchotea maji, na balozi wetu wa nyumba kumi aliyewaongoza watafutaji kwenye mvua. Naomi asiache shule.

Wakikushinda nguvu wakachimba, nenda, usigombane na mtu. Ukipewa udongo wa kutupia kaburini, ufumbate kwanza, kisha ufungue mkono. Ukidondoka mkavu, uache uende. Ukikugandia kiganjani kwa jasho, urudi nao nyumbani, uwaambie ni mimi niliyekuagiza.

Mwanao akupendaye,
Debora