Leokadia Ameomba Kurudi Mkondo B

Yusta shoga yangu,

Wiki iliyopita nilikwenda Mwandiga kumsalimia mama yako, nikapitia kaburini kwako. Pamepaliliwa vizuri, usiwe na wasiwasi. Mama bado anakamua mawese, bado ananiita "mwalimu" kwa kunitania, na bado ananilisha mpaka nashindwa kuinuka. Binti yako Leokadia anakaa kwa mdogo wako huku Rusimbi, na yuko shuleni kwangu, darasa la sita. Akipiga hesabu anagonga vidole kwenye paja, gatatu, kane, gatanu, kwa Kiha, kama wewe. Mara ya kwanza kumwona ilibidi nitoke nje kidogo.

Sasa nisikilize. Mwezi uliopita mwalimu mkuu aliamua tuwagawe upya: wenye alama za juu mkondo A, waliobaki mkondo B. Orodha niliiandika mimi. Kwa alama zake Leokadia angebaki B, alikokuwa tangu mwanzo. Nikamwandika A.

Najua ungenicheka. Lakini nilikuwa naliona lile dawati letu la utotoni, lenye mguu uliofungwa waya. Mimi mtoto wa Ujiji, Kiswahili kimejaa mdomoni, hesabu sizijui kabisa. Wewe umetoka Mwandiga na Kiha chako. Swali la maneno likija unaninong'oneza, "Hadija, hapa wanataka nini?" Nakueleza, na kabla sijamaliza jibu unalo. Mimi nanakili.

Halafu mwalimu akatugawa kwa kutusomesha kitabu kwa sauti, mmoja mmoja. Mimi nilitiririka, wewe ukakwama mstari wa pili. Nikapelekwa A, ukapelekwa B. Daftari langu la hesabu lilikuwa limejaa alama za vema na zote zilikuwa zako, na sikuinua mkono kusema. Nilinyamaza, Yusta. Nilifurahi hata. Wiki ya pili nikapata mbili kwa kumi, na nikichungulia dirishani nakuona wewe na wenzako mnafagia uwanja, kwa sababu mwalimu wenu hakuja. Miaka yote ile ya urafiki hatukuwahi kulizungumza hili. Naona aibu kwamba nalisema leo, wakati huwezi kunijibu.

Basi ndiyo maana nilimweka mwanao A. Siku ya nne akaja, akasimama mlangoni. "Shikamoo mwalimu. Naomba nirudi B." Nikadhani kuna aliyemwonea. Akasema, "Kule nauliza. Huku nikiuliza wananigeukia wote."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia habari zako zote, za ufagio na dirisha. Nikajizuia, maana yeye alikuwa anaomba kitu chake, hakuwa analipa deni langu. Nikamrudisha.

Nilimfuata mwalimu mkuu nikamwambia tuwachanganye kama zamani. Hakukubali, na sitasema ni mtu mbaya. Anasema wa nyuma wanahitaji mwendo wao, na nimeona mwenyewe wale wepesi wanavyosinzia nikirudia jambo mara ya tatu. Pengine yuko sahihi. Siku hizi sina uhakika kama zamani. Ninachojua ni kwamba B haina mwalimu wa hesabu. Anaingia yeyote mwenye nafasi, na asipokuwepo mtu watoto wanapewa mafagio, mpaka leo.

Kwa hiyo nimeomba niache A wanipe hesabu za B, mimi niliyezijua hesabu ukubwani. Mwalimu mkuu aliniuliza mara mbili kama nimefikiria vizuri, maana ukifundisha A wazazi wanakuamkia mpaka sokoni. Nikamwambia nimefikiria muda mrefu kuliko anavyodhani.

Nimeanza Jumatatu. Nimewakalisha wawili wawili, mwepesi wa hesabu na mwepesi wa kusoma. Leokadia yuko na binti mmoja wa Bangwe anayesoma kama mtangazaji wa redio na hajui saba mara nane. Jana nimewaona wananong'onezana, nikageukia ubaoni nikajifanya sijaona.

Mwanao nitamwangalia, na kwenye kipindi changu hakuna atakayeshika ufagio. Pumzika, shoga yangu. Na madaftari mawili yakija mezani na jibu moja, sahihi, nitauliza limetoka kwa nani, na nitasubiri mpaka mkono uinuliwe.

Wako,
Hadija