Bastola yenye mpini wa jembe

Jumamosi, Novemba 2006. Rasharasha tangu asubuhi, na moyo wangu mzito.

Mzee ninayemtunza hapa Edmonton, kaskazini mwa London, Mzungu wa miaka themanini na mbili, hukusanya bastola za kale. Zimezibwa, hazipigi tena. Macho yamemwishia, kwa hiyo leo ameniomba nizitoe kabatini moja moja nimweleze ninachokiona, naye azitambue.

Ya tatu ilikuwa na mtutu mwembamba. Mpini wake wa mbao, mviringo, una mifuo. Risasi hazikai ndani ya mpini, zina kasha lake mbele ya kifyatulio.

"Hiyo ya Mjerumani," akasema kabla sijamaliza. "Ya mwanzoni mwa karne iliyopita. Zilifika mpaka kwenu Afrika, na nyingine bado zinaua."

Nikaketi. Yarabi, nimefanya nini?

Mwaka jana nilimtafsiria Baba Furaha, Mkongo wa Uvira anayeomba hifadhi, kwenye intavyuu yake. Akaulizwa aliyemuua mkewe alishika silaha gani. Akasema, "Bunduki ndogo, mama. Mti wa kushikia ni mviringo, sawa mpini wa jembe. Masasi inaingia mbele ya kidole."

Mimi nikaona uchungu umemchanganya. Bastola gani hiyo ya mpini wa jembe? Watamcheka. Basi nikamsaidia, nikasema kwa Kiingereza kwamba ilikuwa bastola nyeusi ya kawaida ya kijeshi.

Hakuna aliyeniomba. Ni ujuaji wangu tu.

Kwenye intavyuu ya pili, na mkalimani mwingine, akarudia jembe lake lile lile. Maofisa wakaandika kwamba anabadilisha maneno, wakamkatalia. Nilipopata habari nilisema masikini, labda kweli alidanganya. Nilisema hivyo, mimi.

Rufaa yake ni Alhamisi. Akishindwa, anarudishwa.

Mama alituonya, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nimejikwaa ulimi, na anayechechemea ni mwingine.

Nikikiri, ukalimani umekwisha na jina langu litanuka London nzima. Naogopa, sifichi. Lakini bastola nimeipiga picha, na barua kwa wakili wake nimeiandika, nikatia jina langu kamili. Jumatatu naipeleka mwenyewe.

Siku ile tulipotoka kwenye intavyuu ya kwanza, Baba Furaha alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Aksanti, mama," akasema. "Umenisemea vizuri."