Pithagora na Shamba la Maharagwe

Tumba, Jumanne, Novemba 2009

Mvua ya theluji tangu alfajiri, na saa tisa alasiri giza lilikuwa limeshaingia. Hata hivyo leo nina furaha, shajara yangu.

Asubuhi sikuwa nayo. Kwenye treni ya kwenda mjini Mama Neema aliniambia anaacha darasa la hesabu. Huyu ni Mkongo wa Kivu, jirani yangu wa dawati katika shule ya watu wazima. Sote wawili tunataka kusomea uuguzi, na bila hesabu mlango haufunguki.

"Mama Kelvin, leo ni mwisho. Hesabu mi naielewa, lakini Kiswidi inanikwama mu koo."

Ni kweli, tangu darasa lianze hajafungua mdomo mbele ya watu. Nilimbembeleza, naye akageukia dirisha. Nikiri pia kwamba nilijihurumia mwenyewe, maana ni yeye anayenielewesha nikikwama.

Mwalimu Lennart (anataka tumwite Lennart tu, ulimi wangu bado unakataa) alikuwa kwenye pembetatu. Alipoona tunasinzia akatupa kisa cha Pithagora, yule Mgiriki wa kale mwenye kanuni yenyewe. Eti aliwakataza wafuasi wake kula maharagwe! Mimi niliyelelewa kwa githeri, mahindi na maharagwe kila siku, nikamvua marehemu heshima zote papo hapo.

Tena eti siku maadui walipomkimbiza, alifika kwenye shamba la maharagwe akasimama. Afadhali kufa kuliko kuyakanyaga. Wakamkuta hapo, wakamuua. Mwalimu alisema huenda ni uzushi wa watu tu.

Darasa zima likacheka.

Mama Neema hakucheka. Alinyoosha mkono.

Kwa Kiswidi cha kuungaunga alisema mzee huyo hakujua kukimbia. Yeye amekimbia. Wakati wa vita alipita na mama yake katikati ya shamba la watu, maharagwe yale yanayopanda miti, wakajificha humo mpaka risasi zikanyamaza. Waliyaharibu mengi. Na kila walipokanyaga, mama yake alimwomba radhi mwenye shamba kwa kunong'ona, na mwenye shamba hata hakuwepo.

Neno la kukanyaga hakuwa nalo, kwa hiyo alipiga mguu sakafuni. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ukingo wa meza, anasikiliza kama sisi. "Trampa," akamwambia taratibu.

"Trampa," Mama Neema akarudia, akaendelea na habari yake mpaka mwisho.

Nilimwonea fahari, machozi yakanilenga. Miezi yote hii tumekaa bega kwa bega na sikuwa najua.

Kwenye treni ya kurudi niliogopa kumuuliza kama bado anaacha. Nikapiga domo kuhusu baridi, kuhusu bei ya viatu, kuhusu kila kitu isipokuwa hilo. Yeye alikuwa amechukua karatasi yangu ya mazoezi, anaipekua. Tulipokaribia kushuka akanirudishia.

"Weye, namba tano umeikosa. Urudilie, siku ya ine nitaangalia."

Mimi Mkenya ilibidi nihesabu vidole. Kwao siku ya kwanza ni Jumatatu, kwa hiyo siku ya nne ni Alhamisi.

Alhamisi tuna hesabu.

Namba tano nimeirudia mara mbili na bado sioni nilipokosea. Wala sina wasiwasi, yupo wa kunionyesha.