Mtoto Aliyepiga Saluti

Al Amerat, Maskati
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Dada yangu mpenzi Mahbuba,

Nimeianza barua hii mara tatu kwa salamu, na kila mara nimesimama, kwa sababu kuna sauti moja haitoki masikioni mwangu: kwato za farasi juu ya lami, taratibu, na juu yake hakuna aliyempanda. Nitafika huko. Kwanza shikamoo, dada, na assalaamu alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Khattab na watoto, na kwamba baridi ya Cardiff bado haijawazidi. Huku joto limepungua, alhamdulillahi, na asubuhi tunafungua madirisha. Mimi mwili mzima. Baba yupo.

Nimechagua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na ukinikatiza nitanyamaza.

Unazikumbuka filamu za Baba. Kwanza zilikuwa kanda, halafu diski, zikijaza kabati ambalo marehemu Mama alilitaka kwa vyombo vyake: maisha ya marais wa Marekani, vita vyao, chaguzi zao, mazishi yao. Unakumbuka alivyotupanga sebuleni tuyataje majina ya marais kwa mpangilio, na aliyekosea anarudi mwanzo. Tuliyahifadhi yale majina kabla hatujajua lolote juu ya Babu Sleyum zaidi ya kwamba alifariki Unguja. Siku mwalimu alipokutaka uandike habari za babu yako, Baba alikwambia andika sentensi moja inatosha. Na unakumbuka jinsi asivyoitikia hodi. Awe amekaa hatua mbili kutoka mlangoni, atamwita mmoja wetu atoke jikoni aje kuitikia. Mama alikuwa akimtania kwamba amejifanya sultani.

Baada ya kile kiharusi cha mwezi wa Ramadhani, daktari alitwambia kuwa lugha iliyoingia mwisho huenda ikatoka mwanzo. Ndivyo ilivyokuwa. Kiingereza kilikwenda chote, halafu Kiarabu cha ofisini, na hadi Idi Kubwa alikuwa amebaki na Kiswahili tu, tena cha mtoto wa Unguja. Mchana nikiwa kazini anakaa na Mildred, yule Mkenya niliyekwambia. Wanaelewana kwa kutaniana. Baba anamwambia Kiswahili chake kimetoka bara kwa miguu, na Mildred anamjibu kwamba cha mzee kimekuja na ndege, ndiyo maana kinaringa.

Lakini filamu hakuziacha. Nikirudi kutoka Ruwi, baada ya ile foleni ya barabara ya mlimani, namkuta amekaa mbele ya televisheni ananingoja, kwa sababu haelewi tena wanachosema. Nakaa chini karibu na miguu yake, namfasiria. Miezi ya mwanzo niliipenda kazi hiyo, dada. Sikuwahi kukaa karibu na Baba kiasi hicho.

Mwezi wa tisa aliichagua ile ya rais aliyepigwa risasi ndani ya gari la wazi. Unayajua mazishi yale: jeneza lenye bendera, farasi asiye na mpanda, viatu vimegeuzwa nyuma kwenye vikuku vya tandiko, na mtoto mdogo mwenye koti anayeinua mkono kumpigia saluti baba yake. Baba alisimama. Aliniuliza, “N'nani mtoto yule?” Sijui nilikuwa na nini siku ile. Nilikuwa nimechoka, ndiyo, lakini uchovu hautoshi kuwa sababu. Nilimtazama uso wake, nikaona kwamba anatamani jibu fulani, nikampa. Nikamwambia, “Ni wewe, Baba. Wanamzika Babu Sleyum.”

Aliinua mkono hadi kwenye paji la uso, akausimamisha hapo hadi farasi akapita. Alilia, kisha akala vizuri. Siku tatu zilizofuata alikuwa na utulivu ambao sijawahi kuuona kwake. Nikajiambia kwamba huu ndio ufasiri bora niliowahi kuufanya, kwamba mtu aliyekosa mazishi ya baba yake kwa miaka sitini na moja nimempa mazishi ya taifa zima. Nilijipongeza. Nataka ulijue hilo.

Siku ya nne alikuwa amesahau. Akaitaka filamu, akaniuliza mtoto ni nani, nikarudia. Safari hii akauliza nani aliyemuua. Nikasema sijui. Akanitazama kwa huruma, kama anayenionea aibu kwa kusema uongo, akasema, “Mimi n'najua.”

Basi akanieleza, na hapo ndipo nilipowasha simu nikarikodi, kwa ajili yako, maana uliniomba nikuwekee sauti yake. Alisema mchana ule wa Mapinduzi Babu alikuwa amejificha chumba cha ndani, na Bibi amekwenda kwa jirani kutafuta habari. Watu wanne walikuja. Hawakuvunja mlango. Walipiga hodi, vizuri, mara tatu, kama wageni. Naye alikuwa na miaka tisa, na Babu alikuwa amemfunza kwamba hodi ya mtu haiachwi bila ya jibu. Akasema, “Nikawaambia karibuni. Nikawafungulia.” Walimchukua Babu pale pale na hawakumrudisha. Kisha Baba akanishika mkono kwa nguvu, akasema, “Usimwambie Mama.”

Bibi amefariki miaka ishirini sasa, Mahbuba. Amekufa akiamini kwamba mlango ulivunjwa.

Tangu siku ile hakuna jioni iliyosalimika. Anasahau mazishi, lakini njia ya kuufikia mlango haisahau. Farasi akipita, anauliza. Nikijibu, anafika kwenye hodi. Akifika, ananishika mkono na kuniomba nisimwambie mama yake. Nilijaribu kumwambia mtoto yule ni wa Mmarekani. Alikasirika, akasema namnyang'anya baba yake. Nilijaribu kumwambia kwamba hakufungua yeye. Akaniuliza kama nilikuwepo. Wiki iliyopita Mildred alichelewa kuondoka akayasikia yote. Akanivuta jikoni, akaniambia polepole, “Madam, mtu huzikwa mara moja. Wewe unamzika babake kila siku, na mzee unamzika naye.” Nilimwambia aende, gari lake linamngoja.

Hilo ndilo ungamo langu. Mlango ule alikuwa ameufunga maisha yake yote kwa orodha ya marais na diski kabati zima, na mimi, msomi wenu, nikaubisha nikidhani namletea faraja. Ananitazama, anaitikia, kwa sababu amefunzwa kuitikia.

Nisalimie shemeji na uwabusu watoto. Mwambie Balqis mdogo kwamba picha yake ya farasi imefika, ila sikuweza kuitundika. Mildred anakusalimu. Najua umeshakata tiketi ya Disemba na umenunua kamera kwa ajili ya Baba. Njoo, dada, umwone, lakini kamera uiache huko.

Jana asubuhi nilimpa Mildred televisheni na diski zote, akaja ndugu yake Fidel na gari akavichukua. Baada ya alasiri Baba alikaa mahali pake, akautazama ukuta mtupu kwa muda mrefu, akaniuliza kama bado hawajamleta baba yake. Nikasema bado. Akasema basi tungoje, akaweka mkono tayari kwenye paji la uso. Nikakaa chini karibu na miguu yake, nikaitoa simu, na ile rikodi uliyoniomba nikaifuta.

Mdogo wako,
Ghadeer