Mikwaruzo mitatu chini ya rangi

Shoga, usinipigie. Simu ikilia atasikia. Soma tu.

Kuna mteja kaleta darubini kuukuu ya bunduki, rangi yake nyeusi imechubukachubuka, anataka niipake upya. Nikaanza kuikwangua kwa msasa, yeye yuko kwenye benchi ananitazama.

Chini ya ile rangi nyeusi nikakuta mikwaruzo mitatu ya msumari. Mitatu! Unajua marehemu mume wangu, aliyenifundisha kazi hii ya rangi, hakuweka alama hiyo ila kwenye vitu vya ndugu zake. Na darubini aliyompakia ndugu ni moja tu, ya shemeji yangu, askari wa wanyamapori. Yule aliyeuawa porini, bunduki yake haijaonekana mpaka leo.

Mungu wangu! Nikaiziba alama kwa kidole gumba.

"Mama, mbona umenyamaza?"

Nikasema, "Nasali, mwanangu. Ndivyo nifanyavyo kazi."

Akacheka. "Basi niombee na mimi, nina mengi."

Nina mengi! Kasema hivyo hivyo, shoga.

Nikamwambia rangi haikauki leo, aje kesho. Hataki. "Nitasubiri hapa hapa."

Nimeingia jikoni kama nafuata kitambaa. Mwambie mumeo aje na polisi wenzake, waje kimya kimya, wasipige king'ora.

Kainuka. Nasikia viatu vyake.

Ananiita. Anauliza, "Mama, huyu mwenye sare kwenye picha ukutani ni nani wako?"